Kufunga

Januari, Naryn. Wino umeganda kwenye kalamu
na jiko la makaa linakohoa pembeni kama mlinzi wa zamu.
Kila wawili nimewapa betri moja, balbu ya tochi,
waya nilioutoa kwenye redio ya marehemu mjomba,
kipande cha boksi, pini tatu tatu,
na kibanio cha karatasi.

"Swichi ikifunguliwa, taa huzimika.
Swichi ikifungwa, huwaka."
Nurzada akakunja uso: "Mwalimu Jipara, umegeuza.
Mlango ukifungwa hapiti mtu.
Duka likifungwa hununui kitu."

Kweli, mwanangu, ila kuna kufunga na kufunga.
Mkanda hufungwa, suruali ikakaa.
Goli hufungwa, uwanja ukalipuka.
Hata safari hufungwa...
na hapo nikaujutia mdomo wangu,
maana Ulukman aliinua macho,
naye babake alifunga safari ya Yekaterinburg
theluji ya mwaka juzi,
hajaifungua.

Nikageukia ubao haraka. Wakakariri:

Njia isiwe na pengo, umeme hauna mbawa;
ukitoka kwa mpango, utarudi sawasawa.

Kasiet, asiyependa mipango,
aliunganisha kichwa cha betri na kitako chake, basi,
balbu akaisahau mezani.
"Umening'ata!" Akanyonya kidole.
Nikamwambia umeme ni kama baadhi yetu,
ukionyeshwa njia isiyo na kazi
huikimbilia wote kwa pamoja.
Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Moja ikawaka dirishani. Ikawaka ya pili.
Nuru ndogo, ya rangi ya chai ya maziwa,
na watoto wakizima na kuwasha, wakizima na kuwasha,
kama waliokabidhiwa jua kwa majaribio.

Ya Ulukman ilikuwa gizani.
Nikainama: waya mzima, pini zimekaza.
"Sijakwama," akasema. "Nafikiri.
Taa moja yaweza kutii watu wawili?"
Hilo ni somo la mwezi wa tatu, nikajibu.
"Bibi Kumush hawezi kutembea tangu vuli.
Swichi iko mlangoni.
Akitaka mwanga hugonga ukuta kwa kijiko,
mimi naamka.
Akitaka giza hugonga tena."
Akatazama kibanio chake. "Mara nyingine hugonga
halafu husahau alitaka nini."

Mwezi wa tatu ukaja siku ile ile.
Pini tatu huku, pini tatu kule,
katikati nyaya mbili sambamba;
kila kibanio kikazunguka kwenye pini yake,
kikichagua waya wa juu au wa chini.
Vikichagua waya mmoja, taa huwaka.
Vikihitilafiana, giza.
Na yeyote kati ya wawili, akiwa popote,
aweza kubadili neno la mwenzake.
Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili pia.
Ya tatu nilikuwa nimekwenda kuongeza makaa,
nikasikia kimya chao kabla sijaiona.

Saa nane umeme wa mji ukakatika, kama kila siku wakati huu,
bwawa limepungua, na mto wenyewe tunausikia
ukisaga meno chini ya barafu.
Akaondoka na boksi lake kifuani, ndani ya koti,
jinsi watu wa hapa wanavyobeba mwanakondoo wa baridi.

Jumatatu alinisubiri mlangoni.
Taa ndogo haikutosha kusomea wala kutafutia viatu,
lakini bibi aliwasha na kuzima usiku kucha,
huku yeye, upande wa mlango, akimjibu,
mpaka betri ikafa.
Unayo nyingine, mwalimu?

Sikuwa nayo. Bajeti ya shule naijua kwa moyo.
Nikapanda juu ya kiti.

Ndiyo maana, ndugu mkaguzi,
saa ya ukutani darasani kwangu
inasema saa tatu na dakika kumi,
asubuhi, mchana, na hivi sasa unapoandika.